Extra Golden: benga ni ya nani?

Kila ninapompigia mtu nyimbo za Extra Golden, bendi ya Wakenya na Wamarekani iliyochanganya roki na benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, haichukui muda uso unakunjwa: benga gani hii, na roki gani hii? Wengine huenda mbali zaidi na kusema ni Wamarekani waliokuja kuchota kwenye kisima cha Wajaluo.

Tuhuma hiyo ina mahali pa kushika. Ian Eagleson, Mmarekani wa bendi hiyo, alikuja Kenya kutafiti benga kwa ajili ya masomo ya uzamivu. Alex Minoff alikuwa mwenzake katika bendi ya Golden huko Marekani. Albamu zilitolewa na Thrill Jockey, lebo huru ya Chicago, na zilisikilizwa zaidi ng'ambo kuliko Kisumu. Anayeuliza nani alinufaika anauliza swali la haki.

Ila anayesema benga imeharibiwa, huyo nitabishana naye. Benga ni vidole vya nyatiti, kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi 8, vilivyohamia kwenye gitaa la umeme, vikakutana na rumba ya Kongo njiani. D. O. Misiani, aliyeitwa mfalme wake, alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania. Muziki uliokua hivyo tuudai usafi gani? Sikiliza Ok-Oyot System, albamu yao ya kwanza waliyoirekodi Nairobi: sauti ya mwimbaji Otieno Jagwasi iko mbele, Kijaluo chake hakijapunguzwa makali, na Onyango Wuod Omari kwenye ngoma anashika mwendo ule ule wa benga. Ukwaruzo wa roki unaingia juu ya mwendo huo na kuufuata. Jagwasi alifariki 2005, albamu ikatoka 2006 bila yeye kuishika mkononi.

Kinachonisumbua mimi ni viza. Mwaka huo wa 2006 bendi ilialikwa kwenye tamasha la Chicago, na Wakenya wakakwama hadi ofisi ya Barack Obama, wakati huo seneta wa Illinois, ilipoingilia kati. Wakamtungia wimbo wa shukrani, ukatoka kwenye albamu ya Hera Ma Nono, 2007. Watu huusimulia kama kisa cha kupendeza. Mimi nausikiliza na kuumia. Eagleson hakuhitaji seneta ili aingie Nairobi. Nusu ya bendi ilipanda ndege, nusu nyingine ikasubiri mkubwa awaombee, ilhali kwenye nyimbo wote walikuwa sawa. Dhuluma iko hapo, kwenye mlango wa ubalozi, na anayeilaumu mitetemo ya gitaa anamwachia mkosaji halisi aende zake.

Opiyo Bilongo alichukua nafasi ya Jagwasi. Vurugu za baada ya uchaguzi zilipozikumba familia za Wakenya hao mwanzoni mwa 2008, mashabiki wa ng'ambo walichanga fedha. Albamu ya 2009 iliitwa Thank You Very Quickly, kwa ajili yao.