Kuichezea Injini au Kuiacha

Mwenye gari la michezo lenye turbo, yaani kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada, anayekataa kuliongezea nguvu huonekana mwoga, au mtu aliyenunua kitu asichokijua thamani yake. Naona hukumu hiyo inamwonea.

Hoja ya upande wa pili si dhaifu. Kubadili programu ya kompyuta ya injini ili turbo isukume hewa zaidi si kazi ya siku nyingi, na zipo injini zilizoachiwa nafasi kubwa kweli ya kuongezewa nguvu: 2JZ-GTE ya Toyota Supra ya 1993 ina bloku ya chuma, si ya alumini, na mafundi wamezoea kuizidishia nguvu hadi mara mbili. Nissan nayo iliipandisha GT-R, gari lake la michezo, kutoka nguvu za farasi 480 mwaka 2007 hadi 570 katika toleo la 2017, kwa injini ileile ya lita 3.8. Ikiwa kiwanda kimefanya hivyo, kwa nini mwenye gari asifanye?

Tofauti ni kwamba kiwanda kilipanda ngazi kwa takribani miaka kumi, wakati fundi hupanda kwa alasiri moja. Tena nafasi iliyobakizwa haikusahauliwa humo. Imewekewa siku ya joto kali, mafuta yenye okteni ndogo (yanayojiwakia kwa urahisi), plagi iliyochoka na rejeta iliyoanza kuziba. Presha ya turbo ikizidi, sehemu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta huweza kujiwakia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na hapo injini hugonga. Kihisio kikiusikia ugongaji huo, kompyuta huchelewesha cheche ili kuokoa pistoni, na zile farasi zilizolipiwa hupungua papo hapo. Karatasi ya mashine ya kupimia nguvu haionyeshi hilo, kwa kuwa kipimo kilichukuliwa kwa sekunde chache mbele ya feni, si katika mzunguko wa tano wa uwanja wa mbio.

Kuna hesabu nyingine isiyosemwa sana. Nguvu ya kuushinda upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha mwendo, hivyo gari linaloishia kilomita 300 kwa saa likitakiwa kufika 330 hudai nguvu theluthi moja zaidi: farasi 480 ziwe kama 640, kwa ajili ya kilomita 30 ambazo wengi hawana hata barabara ya kuzikimbilia. Wakati wa kuondoka, nako, tairi huteleza kabla injini haijamaliza kusukuma.

Inabaki katikati, kati ya kilomita 100 na 200 hivi, ambako nyongeza huonekana waziwazi na raha yake haina ubishi. Anayeitafuta raha hiyo uwanjani, na ameshabadilisha tairi, pedi za breki na kipoza hewa ya turbo, simpingi. Ninayemhofia ni yule aliyeanzia kwenye kompyuta, huku klachi na breki zikiwa zilezile za siku ya kwanza.