Mbwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji

Mwanangu alipopasuka kidevu akiwa na miaka minne, tulimshika watu watatu. Mimi kichwa, nesi mmoja mikono, mwingine miguu. Alishonwa nyuzi nne tu, na ganzi alichomwa. Kidonda kilipona upesi, ila hofu haikupona: hata leo akimwona mtu mwenye koti jeupe, awe ni muuza dawa tu, ananing'ang'ania gauni.

Ndiyo maana habari za mbwa wa hospitalini zinanigusa. Huko Shizuoka, Japani, hospitali ya watoto ilimpokea Bailey mwaka 2010, mbwa wa kwanza nchini humo kuwa na kazi ya kudumu hospitalini. Alikuwa wa aina ya golden retriever, amefunzwa Hawaii. Alijilaza kitandani ubavuni mwa mtoto anayechomwa sindano, na siku ya upasuaji alimsindikiza mpaka mlangoni. Mtoto alikwenda kwa miguu yake, kamba ya mbwa mkononi.

Hapo pa kwenda kwa miguu yake ndipo ninapoiona tiba. Mtoto mgonjwa hufanyiwa kila kitu: anavuliwa, anageuzwa, anachomwa, anaambiwa nyamaza. Kwa mbwa, mwenye uamuzi ni yeye. Amguse au asimguse, amkumbatie au amwangalie tu. Mkono mmoja unatafutwa mshipa, mwingine umezama kwenye manyoya. Na mtoto aliyetulia haumii sawa na aliyekakamaa kwa woga. Hilo manesi wanalijua vizuri.

Usafi? Swali la haki kabisa. Mbwa hawa huchanjwa, huogeshwa na kukaguliwa na daktari wa mifugo, na watoto hunawa mikono kabla na baada ya kuwashika. Uingereza, chama cha wauguzi cha Royal College of Nursing kilitoa mwongozo wake mwaka 2018. Mwenye mzio hapelekewi. Na mzazi huulizwa kwanza, maana wako wanaoogopa kichaa cha mbwa, wako Waislamu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi, na heshima yao lazima ilindwe.

Kwetu sidai mbwa. Ninachodai ni kwamba hofu ya mtoto ihesabiwe kuwa ni sehemu ya ugonjwa wake. Sisi wazazi tumeigeuza sindano kuwa fimbo: "Ukilia, namwita daktari akuchome!" Halafu tunamfikisha kwa daktari huyohuyo na kumtaka atulie. Nimelisema neno hilo mara nyingi, na ninalijutia.

Wiki iliyopita mwanangu alipata homa, ikabidi apimwe malaria. Nilimpakata, nikamwomba mpimaji amwache achague kidole mwenyewe. Alivitazama vyote kumi, kimoja kimoja, akatoa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Alilia kidogo. Hakuna aliyemshika.