Aliyechelewa kulipa bili hajakataa kulipa

Mtu amechelewa kulipa bili ya umeme mara tatu ndani ya mwaka, kila mara siku nane au kumi hivi. Kila mara katozwa faini, na faini kailipa. Halafu inakuja barua: weka amana, yaani pesa ya dhamana ambayo kampuni inaishikilia usipolipa, sawa na bili za miezi miwili, la sivyo utakatiwa umeme. Mimi naliona hilo ni dhuluma.

Hoja ya kampuni naielewa. Pasipo na mita ya kulipia kabla, umeme na maji tunauziwa kwa mkopo. Unatumia mwezi mzima, mita inasomwa, bili inatoka, unapewa muda wa kulipa, kisha onyo, ndipo fundi anakuja kukata. Muda wote huo mita inaendelea kuzunguka. Ndiyo maana amana hukadiriwa kwa bili za mwezi mmoja au miwili: izibe pengo la atakayehama bila kuaga, deni lake lisiwaangukie wateja wengine kupitia bei.

Lakini anayechelewa hajahama. Yupo, na analipa. Mara nyingi tatizo lake ni kalenda tu: mshahara unaingia tarehe 5, bili mwisho wake tarehe 28. Sasa pesa ambayo ingemwezesha kulipa kwa wakati ndiyo anayoambiwa akaifungie kwa kampuni, na bili ya mwezi huo iko palepale inamsubiri. Nilipodaiwa amana mimi, niliilipa yote kwa mkupuo, na bili mbili zilizofuata nikazichelewesha. Kabla ya hapo sikuwahi kuchelewa miezi miwili mfululizo.

Kwa mtu wa aina hii, kusogeza tarehe ya kulipa kungetosha. Ikilazimu amana, basi igawanywe kwa awamu, au mdhamini akubaliwe. Na irudi yenyewe mteja akishalipa vizuri miezi 12, pamoja na riba yake, bila kuandikiwa barua ya kuombwa. Hili la kurudishiwa ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu wengi husahau kabisa kwamba waliwahi kuweka kitu.

Kama umedaiwa amana wiki hii, uliza kabla ya kulipa: nitarudishiwa lini, kwa masharti gani, na je, naweza kulipa kidogo kidogo? Majibu yawe kwa maandishi. Risiti nayo iweke pamoja na mkataba wa nyumba, maana hata ukihama baada ya miaka mitano, kinachobaki baada ya bili ya mwisho ni chako.