Lenzi ya 18-55 Inatunyima Mwanga

Jamani wapiga picha wa Nairobi, hii lenzi ya zumu ya milimita 18 hadi 55 mnaivumiliaje? Jumamosi niko kanisani, bibi harusi anavishwa pete, navuta zumu ninase lile chozi kwenye kope. Giza! Ukiwa 18, kabla ya kuvuta, tundu la lenzi linalopitisha mwanga linafunguka hadi f/3.5, ukifika 55 limebanwa kuwa f/5.6, zaidi ya nusu ya mwanga imeenda. Napandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, picha inajaa chenga kama imemwagiwa unga wa ugali. Na muuzaji kule Moi Avenue aliniapia eti 18 ni pana mno! Pana wapi? Kwenye kamera ya kihisi kidogo, kile cha kuzidisha mara 1.5, hiyo 18 inaona kama 27 ya kihisi kikubwa. Ukoo mzima niupige nikiwa nje ya dirisha? Na ile lenzi inayobaki f/2.8 mwanzo mwisho hata ukivuta zumu, tuuze ng'ombe wangapi?