Samahani, Hatukujua Kama Haionekani

Wapenzi wa ndege za kivita tunatambuana kwa fulana. Mtu akipita kifuani kaandika BRRRT na basi, asiyehusika atadhani ni jina la bendi. Sisi tunajua anausifia mzinga wa A-10, ndege ya Marekani ya kushambulia ardhini, ule wa mitutu saba unaotema risasi za milimita 30 kwa kasi ya 3,900 kwa dakika, na hiyo ndiyo sauti yake. Mwingine ana picha ya SR-71, ndege ya upelelezi ya Marekani, na maneno ya kujigamba kuhusu mwendo. Nyingi ya fulana hizi nazitazama, natabasamu, napita. Ninayoiheshimu ni moja, na utani wake haukuzaliwa Marekani.

Ni ya Serbia. Ina umbo la F-117, ile ndege nyeusi ya Marekani yenye pembepembe kama karatasi aliyoikunja mtoto, iliyosifiwa kwamba haionekani kwenye rada, na ujumbe wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza, maana aliyekusudiwa kuusoma ni Mmarekani: "Samahani, hatukujua kama haionekani."

Usiku wa tarehe 27 Machi 1999, siku tatu tu baada ya NATO kuanza kuishambulia kwa mabomu Yugoslavia, ambayo Serbia ilikuwa sehemu yake, kikosi cha makombora kilichoongozwa na Zoltán Dani kiliitungua F-117 karibu na kijiji cha Buđanovci, magharibi ya Belgrade. Rubani wake, Dale Zelko, alijirusha kwa parachuti, akajificha, na baada ya saa kadhaa helikopta za Marekani zikamchukua akiwa hai. Mabaki ya ndege yakabaki na wenyeji. Punde maneno yale yakawa kwenye mabango ya watu wa Belgrade, na kutoka kwenye mabango yakahamia kwenye fulana.

Kinachonifurahisha ni adabu yake. Anayeangukiwa na mabomu ndiye anayeomba radhi, kama mtu aliyemkanyaga mgeni gizani. Marekani iliifanya ndege hii siri mpaka mwaka 1988, ikiirusha usiku usiku katika jangwa la Nevada. Mwaka 1991 ilipiga Baghdad bila kupoteza hata moja. Halafu inaangushwa na S-125 Neva, kombora la Kisovieti lililoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960! Utani huu usingekuwapo bila majigambo yaliyoutangulia. Na ushahidi upo: tarehe 2 Mei mwaka huohuo Waserbia walitungua pia F-16, ndege nyingine ya kivita ya Marekani, na rubani wake, David Goldfein, baadaye akaja kuwa mkuu wa Jeshi la Anga la Marekani. Habari kubwa hiyo, lakini haikuzaa mzaha wa kudumu, kwa sababu hakuna aliyewahi kudai kwamba F-16 haionekani.

Mpenzi wa kweli wa ndege ataongeza kwamba hata F-117 haikuwa isiyoonekana. Ubapa wake na zile pembe vilitengenezwa ili mawimbi mafupi ya rada za kulengea yatawanyike badala ya kurudi yalikotoka. Kikosi cha Dani kilikuwa na rada ya zamani, P-18, inayotumia mawimbi marefu ya kiasi cha mita, ambayo hayapotezwi kirahisi na ujanja huo. Juu ya hapo, rada ya kulengea iliwashwa kwa sekunde chache tu kisha ikazimwa, ili makombora yanayofuata mawimbi ya rada yasipate pa kufuata, na mitambo ilihamishwa mara kwa mara. Wamarekani nao waliwasaidia kwa kurudia njia zilezile usiku baada ya usiku. Kwa hiyo "hatukujua" ni uongo mtamu. Walijua vizuri sana.

Sasa irudie ile ya BRRRT. A-10 zilikuwapo kwenye vita hiyohiyo: zilisaidia kumtafuta Zelko, na huko Kosovo, wakati huo jimbo la Serbia, zilifyatua maelfu ya risasi zenye urani. Sisemi anayeivaa ana roho mbaya, mzinga ule ni ajabu ya uhandisi na mimi mwenyewe hukaa kuutazama kwenye video. Ila kicheko cha aliyeshika mpini hakinichekeshi kama cha aliyeshika makali.

Hapo ndipo fulana ya Waserbia nayo inapoingia matatani, kwa sababu mpini nao waliushika. Majeshi ya Slobodan Milošević, rais wa Yugoslavia wakati huo, yaliwafukuza Waalbania wa Kosovo kwa mamia ya maelfu, na kwao ndege za NATO zilikuwa ukombozi. Mjini Pristina, mji mkuu wa Kosovo, wamemsimamishia Bill Clinton sanamu. Anayeuza fulana ile kwa watalii hana haja ya kuyaeleza hayo. Anayeivaa, nadhani anayo.

Sisi huku Tanzania, nikiruhusiwa kuchepuka kidogo, tulikuwa na nafasi yetu tukaiacha ipite. Wakati wa vita vya Kagera mwaka 1979, ndege ya Libya aina ya Tu-22 iliyomsaidia Idi Amin ililenga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Ndege kubwa ya kivita, yenye mwendo wa kupita sauti, imesafiri kuja kupigana na swala! Sijaona mtu aliyechapa hata fulana moja.

Kuhusu wale wawili: mwaka 2011 Zelko alirudi Serbia akakutana na Dani, ambaye baada ya jeshi aligeuka mwoka mikate. Wakawa marafiki, na familia zao zikatembeleana. Mtu aliyeshushwa kutoka angani anakaa mezani na aliyemshusha, wanakula. Ukishalijua hilo, utani wa fulana unalainika kidogo, na mimi naona unakuwa bora zaidi.

Nikiipata nyeusi, saizi yangu, nainunua. Nitaivaa Belgrade kwenye jumba la makumbusho ya anga, yaliko mabaki ya ndege yenyewe, na nitaivaa hata Nevada nione marubani wastaafu watasemaje. Pristina nitavaa shati.