Kupiga kwa kasi kwenye Testi: hesabu iko kwenye muda

Machi 2022 Pakistan na Australia walicheza Testi, ile mechi ndefu ya kriketi ya kimataifa, pale Rawalpindi, Pakistan, kwa siku tano, na wiketi zilizoanguka, yaani wapigaji waliotolewa, zilikuwa 14 tu. Sare, tena ya kuchosha. Desemba mwaka huohuo England wakaja kwenye uwanja uleule, wakapiga mikimbio (pointi za kriketi) 506 siku ya kwanza, wapigaji wanne wakafikisha mia kila mmoja, na siku ya tano, mwanga ukianza kufifia, wakashinda kwa mikimbio 74.

Anayetaka kuutetea mtindo wa kushambulia wa kocha Brendon McCullum na nahodha Ben Stokes wa England aanzie hapo, aachane na habari za mipira kutua jukwaani. Ili ushinde Testi, kwa kawaida lazima uwatoe wapinzani mara mbili, yaani wiketi 20, na kwenye ardhi iliyokufa, isiyowasaidia warushaji, kama ile kazi hiyo inakula muda. Zamu ya kwanza England walipata 657 kwa ova 101 (ova moja ni mipira sita), kasi ya zaidi ya mikimbio sita kwa ova. Muda waliookoa wakawapa warushaji. Kisha Stokes akafunga zamu ya pili mapema, kabla wapigaji wake wote hawajatolewa, na kuwawekea Pakistan shabaha ya 343, ambayo ilifikika kabisa. Alikubali hatari ya kufungwa ili wapinzani nao wavutike kupiga. Na wanaotamani uvumilivu wa zamani wakumbuke ulivyokuwa umewafikisha: kabla ya wawili hao kukabidhiwa timu, England ilikuwa imeshinda mechi moja kati ya 17.

(Kasi yenyewe si ngeni. Virender Sehwag wa India alipiga 319 kwa mipira 304 pale Chennai mwaka 2008, na hakuna aliyemtungia falsafa.)

Wakosoaji nao wana Rajkot, India, Februari 2024. England wanaamka siku ya tatu wakiwa 207 kwa wiketi mbili, wakiifukuza 445 ya India. Mpigaji wao Ben Duckett ana 133. R. Ashwin ameondoka usiku kwa dharura ya kifamilia, kwa hiyo India wamepungukiwa mrushaji mmoja. Muda upo wa kumwaga. Ilitosha kukaa, kuwachosha warushaji wanne waliobaki, na kupiga baada ya chakula cha mchana. Badala yake Joe Root akageuza bati dhidi ya mrushaji Jasprit Bumrah, akijaribu kuukung'uta mpira upite juu ya slipu, wale wadakaji wanaosimama nyuma ya mpigaji. Yashasvi Jaiswal akaudaka, Root akatoka. England wote wakatoka wakiwa na 319, na mechi ikaisha kwa kipigo cha mikimbio 434.

Kwangu Rawalpindi na Rajkot si mifano miwili ya ujasiri uleule. Pale pa kwanza muda ulikuwa adui, na kasi ikamshinda. Pale pa pili muda ulikuwa upande wao wakauchezea. Timu inayojisifu kwamba haiogopi kushindwa inaweza kuanza kuogopa kitu kingine: kuonekana imepoa. Hapo kupiga kunakuwa mazoea, na mrushaji mwenye akili anachotakiwa kufanya ni kusubiri.

Perth, Australia, Novemba 2025, ilionyesha hilo vibaya zaidi. England waliongoza kwa mikimbio 40 baada ya zamu ya kwanza, kisha Ollie Pope, Harry Brook na Root wakatoka wakifuatana, kila mmoja akiufuata mpira nje ya vijiti anavyovilinda mpigaji. Australia wakahitaji 205 ili washinde. Kwa kuwa mgongo wa Usman Khawaja, mfunguzi wao wa kawaida, ulikuwa unasumbua, Travis Head akapandishwa kufungua upigaji. Alipiga 123 kwa mipira 83, mechi ikaisha siku ya pili.

Kwa hiyo anayesema Perth ilizika upigaji wa kasi ameangalia timu moja tu. Pale ambapo mpira ulikuwa unaruka na kujipinda kiasi kwamba mpigaji anayejizuia angetoka tu mapema au baadaye, kushambulia ndiyo ilikuwa njia salama zaidi. Head aliliona hilo. England, waliokuwa wamelihubiri kwa miaka mitatu, walishambulia mipira ambayo ilistahili kuachwa ipite.