Nimerusha! Nimerusha!

Haya, kwa kuwa kuna mtu ameamua kunitangaza kwenye magrupu yote kabla hata jasho halijanikauka, acheni niwasimulie mwenyewe maana toleo lake limejaa chumvi. Eti niliurushia mpira kiatu. Kiatu kilichomoka chenyewe nikikimbia, hakikugusa mpira wala mtu, na kanuni za besiboli hazina ugomvi na kiatu kilichojiondokea. Ishu ilikuwa glavu.

Wa kulaumiwa ni klipu. Mwaka 1986 mrushaji wa San Francisco Giants, Terry Mulholland, alidaka mpira uliopigwa na Keith Hernandez wa New York Mets, mpira ukanasa kwenye glavu ukagoma kutoka, jamaa akavuta weee, akaona isiwe tabu, akavua glavu nzima na mpira wake ndani akamrushia mwenzake wa besi ya kwanza (besi ni vile vituo vinne vya kukimbilia, cha nne kinaitwa homu, na kila anayefika homu ni pointi), mwenzake akaidaka na refa akasema auti, yaani mpigaji katoka. Halali kabisa! Hiyo klipu nimeiangalia mpaka simu ikachemka, na kichwani likabaki jambo moja tu: kumbe glavu inarushwa.

Sasa twende uwanjani. Iningi ya mwisho, yaani zamu ya mwisho ya kupiga, tunaongoza kwa pointi mbili, wao wana watu kwenye besi ya kwanza na ya pili, mimi nimepangwa kule nyuma kabisa ambako kocha huwa anaficha watu anaowaonea huruma. Nikasikia paah! Mpira huo unakuja kwangu. Nikaanza kurudi kinyumenyume (hapo ndo kiatu kikaaga), mpira unanipita juu, naruka, sifiki, na ile glavu ya kuazima inanipwaya mkononi. Jamani nawaapia muda ulisimama. Nikaona mishono myekundu ya mpira inazunguka polepole. Nikamuona Mulholland. Nikaivua glavu, nikaitupa.

Ikaupata! Mimi ambaye sijawahi kulenga hata ndoo ya takataka nikiwa nimesimama pembeni yake! Mpira ukadondoka puh, miguuni kwangu.

Nikanyanyua mikono juu. Wachezaji wenzangu wote wanapiga kelele, "Rusha! Rushaaa!" na mimi kwa furaha nawajibu, "Nimerusha! Nimerusha! Mmeona?" Nikawapungia. Kelele zikazidi, nikazidi kupunga. Nikainama nikaokota (subirini kwanza, msicheke) glavu. Nikaikung'uta vumbi, nikaivaa vizuri, kidole kimoja kimoja, wakati huo mpira umelala pale pale unanitazama na mpigaji anakata kona ya besi ya tatu anacheka hadi anakosea hatua.

Nilipokuja kuurusha mpira wenyewe, mchezo ulikuwa umeisha. Pointi tatu. Kwaheri.

Nikamfuata refa na kiatu kimoja, nimevimba, namtajia Mulholland na mwaka wake. Akanisikiliza kwa upole unaoudhi. Akasema yule alirusha glavu yenye mpira ndani, kwa hiyo aliyeidaka alikuwa ameudaka mpira. Mimi nimetupa glavu tupu makusudi ikagusa mpira uliopigwa na bado uko hai, na hapo mpigaji anazawadiwa besi tatu. Kofia ukiivua ukaugusa nayo, ni besi tatu vilevile. Nikamwambia sawa, tatu, ya nne katoa wapi? Akasema mchezo ulikuwa hausimami, mpigaji anaruhusiwa kwenda mpaka homu kwa hatari yake mwenyewe. Hatari yenyewe ilikuwa mimi, nikawa nakung'uta vumbi.

Yaani angeishia ya tatu tungekuwa sare, tunaendelea kucheza. Na kinachoniuma kuliko vyote: glavu ingeukosa mpira, hakuna adhabu yoyote! Utupe, ukose, mchezo unaendelea kama kawaida. Siku moja tu katika maisha yangu nilihitaji kukosa, na ndo siku niliyopata.

Kuna mmoja kanitumia klipu ya José Canseco wa Texas Rangers kunifariji, ile ya 1993 mpira ulipodunda kichwani kwake ukavuka uzio ikawa homurani, yaani mpigaji anazunguka besi zote bila kuzuiwa. Asante, ila yule alipigwa na mpira, mimi niliupiga kwa hiari yangu na nikasherehekea.

Mengine ni ya kawaida: tumefungwa, kocha hakuongea njia nzima, mwenye glavu kaichukua, jina langu jipya ni Besi Tatu na mechi ijayo natunza maji. Kama kuna mdau anajua kanuni ya kukata rufaa mechi ikishaisha, inboksi iko wazi, na wewe uliyeanzisha habari za kiatu, kirudishe, najua unacho.